Chokaa Bila Chumvi

Katika mtaa ule, maji yakishapita, kazi ya kwanza haikuwa kulia wala kutafuta vilivyopotea. Kazi ya kwanza ilikuwa kumwita Mama Chokaa.

Alikuja na ndoo zake mbili, brashi ya katani iliyokwisha meno, na kipande cha bati cha kukwangulia. Matope yakiwa bado mabichi sakafuni, yeye alikuwa ameshaanza na ukuta wa nje, ule unaotazama barabara, kwa sababu huo ndio walioutazama wapita njia. Ndani mtu angeweza kulalia godoro bichi mwezi mzima na asiulizwe na yeyote. Lakini alama ya maji, ule mstari mweusi wenye mafuta ya gereji zilizo kando ya mto, haikuruhusiwa kukaa nje ikaonekana.

Mgeni angedhani wale ni watu wanaopenda usafi kupita kiasi. Kumbe ilikuwa hofu tu. Hapo zamani, ng'ambo ya reli, kulikuwa na mtaa mwingine kama huo, nao ulizama kila msimu wa mvua. Watu wake, kwa kuamini kwamba mwenye shida ndiye husaidiwa, waliwaita wakubwa, wakawashika mikono na kuwaonyesha kuta: mwaka huu yalifika hapa, na mwaka ule yalifika hapa. Wakubwa walisikitika sana. Baada ya kusikitika walituma vijana na makopo ya rangi nyekundu, kila mlango ukapigwa msalaba, na nyuma ya vijana likaja tingatinga. Mahali hatari kwa makazi ya binadamu, ndivyo walivyosema, na hawakudanganya. Leo pale ni maegesho ya magari.

Mdomo uliponza kichwa, wakasema wa mtaa huu, na toka siku hiyo wakawekeana ahadi: hapa maji hayaingii. Watoto walifundishwa hivyo hata kabla ya kufundishwa majina ya babu zao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa ufa waliuacha, ukuta wakaupaka rangi.

Mama Chokaa aliirithi kazi hiyo kwa marehemu mumewe, na kusema haki alimpita. Siri yake haikuwa siri: chumvi. Aliilowesha chokaa mpaka itulie, kisha akamimina chumvi ya mawe iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, akakoroga polepole huku akinong'ona wimbo usio na maneno. Chumvi ndiyo inayoifanya chokaa iung'ang'anie ukuta. Bila chumvi ni unga tu; ukiuegemea unaondoka nao mgongoni. Mtaani walikuwa na mzaha wa siku nyingi juu ya mwalimu mmoja wa hesabu aliyeipaka nyumba yake mwenyewe kwa ubahili, akaenda kazini na ukuta wake wote kwenye koti. Chokaa ya Mama Chokaa haikumchafua mtu. Mvua nayo haikuiweza.

Aliishi na mama yake mzazi, bibi ambaye miguu yake ilishastaafu lakini ulimi ulikuwa bado kazini. Kitanda cha bibi kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali, kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaja. Mara ya mwisho maji yalipoingia, matofali hayakusaidia kitu. Mama Chokaa alimbeba mama yake mgongoni akampandisha juu ya kabati la nguo, akakaa naye huko, vichwa vimegusa bati, mpaka yalipochoka na kuondoka. Kisha akashuka, akakoroga chokaa. Tangu hapo kila wingu lililopita juu ya mtaa alilitazama kwa wazo moja tu: yakizidi kabati, nitampandisha wapi?

Mhandisi alikuja siku ya jua kali. Alikuwa mwanamke kijana mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, na sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Alifuatana na bwana mmoja wa ofisini aliyeshika mwavuli ingawa mbingu ilikuwa kavu, na ambaye kwa sababu hiyo alipachikwa jina la Bwana Mwavuli kabla hajafika hata nyumba ya tatu. Watu walikusanyika kwenye uwanja mdogo mbele ya kisima cha bomba.

"Miaka yote mifereji imeanzia kwa wenye sauti," mhandisi alisema. "Mwenye kumjua mkubwa ndiye aliyechimbiwa. Safari hii tumepata ruhusa ya kufanya tofauti, tuanze na wanaoumia zaidi. Kwa hiyo sitaki barua wala wajumbe. Nionyesheni maji yanapofika, basi. Panapoumia zaidi ndipo mfereji utapita kwanza, wa zege, mpaka mtoni."

Hiyo ndiyo habari ambayo mtaa ule uliisubiri tangu ulipokuwa mtaa, na ilipokuja ikakuta milango imefungwa. Watu walitazama chini. Kisha wakamtazama mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Chokaa, mtu mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo ambalo hakulipenda. Shemeji akakohoa.

"Maji, mwanangu?" akasema. "Sisi maji tunayasikia kwenye bomba hili tu, nalo lenyewe hukohoa kama mimi."

Watu wakacheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Mhandisi naye alitabasamu, lakini hakuondoka. Alipita nyumba kwa nyumba, akitazama kuta nyeupe, akiinama, akiinuka. Mbele ya nyumba ya Mama Chokaa alisimama akaweka kiganja ukutani.

"Nani anazipaka kuta hizi?"

"Mimi," alisema Mama Chokaa.

"Unapaka vizuri sana. Mtaa mzima ni wewe?"

"Mtaa mzima."

"Kila mwaka?"

"Sisi ni watu wa usafi."

Mhandisi alimtazama kwa muda. Hakuwa mjinga, huyu binti. Alinusa kitu, ila hakujua ni nini. "Mama," akasema taratibu, kama anayemwomba, "mvua ikikaza, huku hayaingii kweli?"

Nyuma ya mhandisi alisimama Bwana Mwavuli, akitazama mlango kana kwamba anaupima upana. Nyuma ya Bwana Mwavuli alisimama Shemeji. Dirishani, bibi alikuwa ameacha hata kukuna mkono wake. Mama Chokaa alikasirika, hakujua anamkasirikia nani.

"Hayaingii," akasema.

Mfereji ulianza juu mlimani, maana ndiko maji yanakoanzia, kwenye mitaa yenye miti na taa, ukashuka. Ulikuwa kitu kizuri, hilo hakuna aliyelikataa: mpana, kuta zake laini, na juu kabisa lango la chuma, ambalo likifunguliwa lilipokea maji yote ya mitaa ile na kuyashusha. Mtambo wa kuchimba ulikuja ukinguruma siku baada ya siku, ukipita mtaa wa mafundi seremala, ukapita soko kuukuu, mahali ambapo watu walikuwa wameonyesha maji yanapofika bila kuona haya. Hakuna nyumba yao iliyovunjwa. Mama Chokaa alikwenda kuangalia kwa macho yake, akaona wanawake wamekaa kwenye ukingo wa zege wakisukana, miguu inaning'inia ndani ya mfereji mkavu.

Kisha mtambo ukafika kwenye kona ya muuza mkaa, kichwani mwa mtaa wao. Ukachimba shimo pana kama mdomo wa chupa, ukazimwa, na dereva akaanza kufunga vifaa vyake.

"Mbona umeishia hapa?" Mama Chokaa alimuuliza.

"Nimeambiwa hapa."

Alimkuta mhandisi chini ya turubai, ramani imekunjuliwa juu ya meza ya mbao na Bwana Mwavuli ameketi kando akinywa maji. Ramani ilikuwa na rangi ya buluu kila mahali palipoumia, na mfereji ulipita katikati ya buluu hiyo mpaka mwisho. Mwishoni palibaki peupe. Mama Chokaa hakuhitaji kusomewa. Aliutambua mto, akaitambua reli, akautambua uwanja wa bomba. Peupe palikuwa kwao.

"Kwenu ni pakavu," mhandisi alieleza, "kwa hiyo zege haihitajiki. Maji yakifika hapa yataachwa yatawanyike yenyewe. Ardhi kavu huyanywa."

"Maji ya wapi?"

"Ya juu. Ya lango."

"Yote?"

Mhandisi akaacha kuonyesha. Akamtazama kama alivyomtazama siku ile. "Mama, kuna kitu unataka kuniambia?"

Bwana Mwavuli aliweka gilasi mezani. Ilikuwa sauti ndogo, lakini Mama Chokaa akaiinamia ramani.

"Ukikuta kuna maji," alisema kwa sauti ya chini, "nyumba zinavunjwa?"

"Sheria ya safari hii inasema mfereji upite na watu wabaki," mhandisi alijibu. Kisha, kwa sababu alikuwa mwaminifu, akaongeza: "Lakini siwezi kukuapia kwa niaba ya ofisi nzima. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nitapita mara ya mwisho kabla hatujamwaga zege ya mdomo huu. Nikikuta kitu tofauti kwenye kuta, nitabadilisha. Zege ikishakauka, hata mimi sitasikilizwa."

Jioni hiyo Mama Chokaa aliwaita watu kwenye uwanja wa bomba, akawaeleza yote. Alidhani woga wa maji utaushinda woga wa rangi nyekundu. Alikosea. Watu walimsikiliza kama wanaomsikiliza mlevi wa familia: kwa adabu, wakisubiri amalize.

"Shemeji," mwenyekiti alisema, "nilikuwa mdogo ng'ambo ya reli. Unajua hilo. Mama yetu, mkweo ambaye hukumwona, alikaa juu ya sufuria zake barabarani mpaka jua likazama, akisema watoto wake wamefundishwa kusema kweli. Nilimwona. Kweli hiyo ndiyo iliyotulaza nje."

"Yale maji yote, shemeji. Ya mlimani kote. Wanatuletea sisi."

"Maji huja na kuondoka. Tingatinga haliondoki na kuacha kitu."

"Na mama yangu? Nimuweke wapi safari hii?"

Shemeji alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na jibu hakuwa nalo; kwa hiyo akafanya wanachofanya viongozi wasio na jibu, akatoa amri. Mtaa mzima upakwe upya kabla mhandisi hajarudi. Kila ukuta, bila doa. "Na wewe ndiye utakayepaka," alisema. "Usije ukawa kikulacho ki nguoni mwetu."

Wote walikubali. Hata fundi cherehani, jirani yake wa nyumba chache juu, ambaye mwaka jana alipoteza mashine majini na kulia kama mfiwa, alinyanyua mkono.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake. Bibi alikuwa amesikia kila neno. Dirisha lake lilielekea uwanjani na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Basi nitaelea," bibi alisema. "Nimekonda vya kutosha."

"Mama, usinifanyie mzaha."

"Nifanye nini, nikimbie?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. Alinyoosha mkono akaushika wa bintiye, wenye nyufa za chokaa. "Sikiliza. Nyumba nimevunjiwa ujanani, wewe hujazaliwa. Niliwalaani waliovunja, tena niliwalaani vizuri, kwa majina ya baba zao, na mpaka leo nikikosa usingizi narudia. Kuna raha yake. Aliyezama halaani mtu."

Mama Chokaa hakulala vizuri. Asubuhi alipokoroga chokaa, aliichukua chumvi ya mawe, akaiyeyusha kwa maji ya moto kama kawaida ili majirani waone mvuke, kisha akaenda kuimwaga chooni.

Kazi ile aliifanya kwa uangalifu kuliko kazi zote za maisha yake. Kwanza alikwangua. Alikwangua kila ukuta unaotazama barabara, tabaka kwa tabaka, mpaka akafika kwenye plasta ambamo mafuta ya gereji yalikuwa yamezama na kulala. Watu walimsifu. "Safari hii anafanya kweli," walisema. Mstari mweusi ulipotokea, aliufunika papo hapo kwa chokaa nyepesi, ya chini ya gunia, iliyokaa muda mrefu mpaka ikakosa nguvu. Mkono mmoja tu wa brashi. Kwa macho, ukuta ulikuwa mweupe kama shuka ya harusi.

Alikuwa akiwasaliti, alilijua hilo. Katika kila nyumba waliyomkaribisha chai, walikunywa chai na msaliti. Hakujua kama anawaokoa au anawapeleka kulala juu ya sufuria zao. Alijua tu kwamba sasa kila kitu kilitegemea mvua ndogo, rasharasha tu, ije siku ya mhandisi na si siku nyingine. Akawa mtu wa kwanza katika mtaa ule kuiomba mvua.

Siku ya tatu fundi cherehani alitoka kwake akipiga kelele, mgongo wa gauni lake mweupe.

"Mama Chokaa! Mbona inaondoka?"

"Haijakauka. Nani alikwambia uegemee?"

"Nimeegemea nyumba yangu mwenyewe, niombe ruhusa?"

Watu wakacheka, wakamtaja mwalimu wa hesabu. Lakini Shemeji alikuwa akipita, naye hakucheka. Aliusogelea ukuta, akapitisha kidole, akakitazama. Kisha akakilamba.

Mama Chokaa alisimama na brashi mkononi, chokaa ikimdondokea miguuni. Shemeji alikuwa ameishi na fundi chokaa; kaka yake ndiye aliyemlea. Alijua ladha inayotakiwa. Alitema mate pembeni, akakohoa, akamtazama mke wa marehemu kaka yake kwa namna ambayo hakuweza kuisoma. Kisha akageuka akaenda zake. Hakurudi siku hiyo wala siku iliyofuata, na kila alipobisha mtu mlangoni, Mama Chokaa alidhani wamekuja kumtoa.

Siku ya mhandisi ilipambazuka bila upepo. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima, meusi kwa chini, wala hayasogei. Kuku hawakutoka. Mbwa wa muuza mkaa, ambaye kwa kawaida alimbwekea hata mwenye nyumba, alikuwa amejikunja juu ya gunia lililo juu kuliko yote. Bibi aliomba afungwe kilemba kizuri.

"Unakwenda wapi?" Mama Chokaa alimuuliza.

"Popote nitakapopelekwa. Sitaki kupelekwa nikiwa ovyo."

Mhandisi alifika alasiri, peke yake. Bwana Mwavuli, alisema, yuko juu langoni na wazee wa mitaa ile, maana mvua imeshaanza kule na barabara zao zinajaa. Alisema hivyo bila wasiwasi, akivuta kofia ya koti lake. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya milango yao, safi kama siku ya sikukuu, na nyuma yao kuta nyeupe.

Matone ya kwanza yalianguka mazito na mbalimbali. Yalipopiga ukuta yaliacha mashimo madogo ya kijivu. Kisha yakaja mengi, na chokaa ikaanza kushuka.

Ilishuka kama maziwa. Iliteremka kwenye kuta, ikajaa kwenye vizingiti, ikatiririka barabarani nyeupe mpaka kwenye buti za mhandisi. Watu waligeuka kutazama nyumba zao, na hakuna aliyepiga kelele. Mstari ulikuwa ukitokea. Ulianza kwenye nyumba ya juu, kwa muuza mkaa, usawa wa kiuno. Ukaendelea kwa fundi cherehani, usawa wa kifua. Na kadiri barabara ilivyoteremka ndivyo ulivyopanda, mpaka kwa Mama Chokaa ulipita kichwa cha mtu mzima. Lakini ulikuwa mstari mmoja, ulionyooka, nyumba hadi nyumba, kama uliochorwa na mtu mmoja kwa kamba.

Mhandisi aliufuata akiugusa kwa mkono. Mwanzoni mkono ulikuwa kiunoni. Mwishoni alikuwa amesimama kwa ncha za buti, mkono umenyooka, na bado haukufika.

"Watu wanaishi humu?" aliuliza, ingawa walikuwa wamesimama mbele yake.

"Tunaishi," alisema Mama Chokaa. "Yanaingia. Kila mvua kubwa yanaingia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyaficha, na mimi ndiye niliyeyaonyesha leo. Wao hawakujua. Kama kuna mlango wa kupigwa rangi nyekundu, anza na wangu."

Hapo ndipo watu walipomtazama. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Hakuwa amejiandaa kwa ule ukimya. Fundi cherehani alikuwa ameweka kiganja kwenye mstari wa nyumba yake, pale maji yalipoifunika mashine, na hakuwa akimtazama mtu.

Mhandisi alikuwa ameshatoa simu. "Mfereji unapita hapa," alikuwa akisema, sauti imepanda. "Ramani ni makosa. Narudia, ni makosa, nimesimama penyewe. Zege isimwagwe. Na lango lisifunguliwe, unanisikia? Msifungue."

Alinyamaza akisikiliza. Mvua ilikuwa imezidi, lakini simu ilikuwa na sauti kubwa, na waliokuwa karibu walimsikia Bwana Mwavuli kwa mara ya kwanza akisema sentensi ndefu.

"Tumeshafungua," alisema. "Maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye baraza za watu huku. Yaache yashuke. Ramani inaonyesha huko ni pakavu."

"Funga!"

"Wenye nyumba wako hapa, dada. Nitawaambia nini?"

Mhandisi alikuwa bado anapiga kelele kwenye simu aliponyamaza ghafla, kwa sababu ardhi ilikuwa imeanza kutetemeka chini ya buti zake. Sauti ilitokea kwenye kona ya muuza mkaa. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa kama gari la mchanga linalomwaga mzigo, lisilomaliza kumwaga.

Mama Chokaa alikimbia ndani. Bibi alikuwa ameketi kitandani na kilemba chake, mikono imenyooshwa tayari. Kabla hajamfikia, mtu alimpita mlangoni, akasikia bawaba zikipasuka. Shemeji alikuwa ameung'oa mlango wa chumba kwa mikono yake.

"Mlaze hapa," alisema. "Shika upande huo."

Walimlaza bibi juu ya mlango wakambeba, Shemeji mbele, Mama Chokaa nyuma, fundi cherehani akishikilia katikati, na mhandisi akiwa amewabeba watoto wawili wa watu asiowajua. Mtaa mzima ulikuwa unapanda kuelekea tuta la reli. Maji yaliwashika magotini, ya rangi ya matope, na juu yake michirizi myeupe ya chokaa. Hakuna aliyerudi kuchukua kitu. Safari zote zilizopita walikaa ndani na kuyasubiri yapite, ili wasionekane barabarani wakikimbia. Safari hii ukuta ulikuwa umeshasema, hapakuwa na la kuficha.

Juu ya tuta walimweka bibi chini ya kibanda cha mlinzi wa reli. Watu waliitana majina, wakaitikiana, mpaka kila jina likapata mwenyewe. Mhandisi alikaa kwenye reli, amelowa, akisema kwamba ataandika, kwamba mfereji utapita, kwamba hakuna atakayewahamisha. Alisema kweli, na alilia alipokuwa akisema, kwa sababu alijua anawaahidi mfereji watu ambao nyumba zao zilikuwa zikiondoka mbele ya macho yake.

Shemeji alisimama kando ya Mama Chokaa.

"Niliilamba," alisema. "Haikuwa na chumvi."

"Najua uliilamba."

"Nilirudi nyumbani nikasema nitawaambia. Kila nilipofungua mlango nilimwona mama akikaa juu ya sufuria. Halafu nikamwona mama yako juu ya kabati." Akakohoa, na safari hii kikohozi hakikutangulia neno lolote kwa muda mrefu. "Tungesema siku ile ya kwanza, shemeji. Binti wa watu alituuliza vizuri."

Mama Chokaa alikuwa akiitazama nyumba yake, ya chini kuliko zote, ukuta umekuwa mtupu kabisa, chokaa yote imekwenda. Alimwona mama yake naye akitazama huko, midomo ikichezacheza, na akajua bibi amepata majina mapya ya kulaani.

Maji yalipanda taratibu kwenye ukuta ule mpaka yakafika kwenye mstari mweusi. Hapo yalitulia kidogo, kama mtu aliyefika mlango anaoujua. Kisha yakaupita.